Waliotia sahihi wameondoka, jirani bado yupo

MAMA mmoja anayeuza mboga karibu na lango la kanisa letu hapa Nakuru alinisimamisha Jumapili iliyopita baada ya ibada. Alikuwa bado hajafungua kibanda, Biblia i kwapani na leso mabegani. "Mwalimu," akaniambia, "wewe husoma magazeti kila siku. Hebu nieleze bila kuzunguka. Mwaka ujao tumpe nani kura ndio tupumue?"

Hakuwa akifanya mzaha. Mama huyu ana kijana aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita na sasa anaendesha bodaboda ya mtu. Ana binti wa Kidato cha Tatu ambaye kila muhula hurudishwa nyumbani kutafuta karo. Anapouliza tumpe nani, anauliza kama mtu aliyebebwa na mto anayetafuta tawi la kushika.

Nilimjibu, na jibu langu nitalieleza kabla sijamaliza. Lakini lililonikaa rohoni wiki nzima ni lile neno la mwisho: tupumue. Nimelisikia kwenye matatu, kwenye foleni ya hospitali, hata kwenye maombi ya kina mama Jumatano. Wakenya wamechoka, na kila mmoja anamtafuta mtu wa kumpa pumzi.

Zaburi ya 146 inazungumzia pumzi. Mwimbaji anaanza kwa kuahidi kumsifu Mungu maisha yake yote, halafu ghafla anawageukia wasikilizaji na kuwaonya wasiwategemee wakuu. Nimeisoma zaburi hii tangu nikiwa kijana wa Shule ya Jumapili, na kwa miaka mingi nilidhani inasema kwamba viongozi ni watu wabaya. Haisemi hivyo. Isome leo mchana uone. Haiwaiti wezi wala waongo. Sababu inayotolewa ni moja tu: mkuu naye ana pumzi ya kuazimwa. Itamtoka, atarudi udongoni, na aliyoyakusudia yatazikwa naye siku iyo hiyo. Kwa hiyo onyo hilo linamhusu hata kiongozi mwema. Yeye ndiye anayetunasa zaidi, maana mbaya tunamkimbia wenyewe bila kuhubiriwa.

Nayasema haya kama mtu aliyenaswa.

Mwaka wa 2007 mimi nilikuwa na jibu la swali la yule mama. Nilikuwa na mtu wangu. Kura nilimpa, na moyo nikauongeza juu yake. Hotuba zake nilizijua kuliko mahubiri ya mchungaji wetu. Kalenda yenye picha yake niliitundika sebuleni, upande mmoja na ile ya kanisa yenye mistari ya Biblia, na sikuona tatizo lolote.

Katika kwaya niliimba besi pamoja na mwenzangu mmoja ambaye tulikuwa tumekaa benchi moja kwa miaka kumi na moja. Watoto wetu walibatizwa siku moja. Yeye alikuwa wa upande ule mwingine. Mwanzoni tulitaniana tu. Nikimkuta amechelewa mazoezini namwambia mtu wake pia atachelewa Ikulu, naye anacheka. Kufikia Novemba utani uliisha. Kufikia Krismasi tulisalimiana kwa kichwa.

Tulipiga kura Desemba 27. Matokeo ya urais yakatangazwa jioni ya Desemba 30, na yaliyofuata hakuna Mkenya wa umri wangu anayehitaji kusimuliwa. Siku ya Mwaka Mpya kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa likiwa na kina mama na watoto waliokuwa wamekimbilia humo wakidhani hakuna atakayethubutu kugusa nyumba ya Mungu. Mwisho wa Januari moto ukafika kwetu Nakuru, kisha Naivasha. Tume ya Jaji Waki baadaye ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Zaidi ya 600,000 walihama makwao, na wengi katika mji wetu walilala kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho.

Mwenzangu wa besi aliondoka Jumamosi asubuhi. Sikubeba panga miezi ile, wala sikuchoma nyumba ya mtu, na kwa muda mrefu nilijipongeza kwa hilo. Lakini alipokuwa akipakia magodoro kwenye pikapu, mkewe amembeba mtoto mgongoni, mimi nilikuwa dirishani nikimtazama kupitia pazia. Sikutoka. Nilijiambia ninaogopa, na kweli niliogopa. Kweli pia ni kwamba sehemu fulani ya moyo wangu ilisema, acha nao waone.

Mtu anaweza kuwa mshirika kamili wa meza ya Bwana na kusema maneno hayo moyoni. Mimi niliyasema.

Februari 28, siku 60 baada ya matokeo kutangazwa, nilisimama na watu wengine mbele ya duka la kuuza runinga mjini. Pale nje ya Harambee House iliwekwa meza. Mwai Kibaki akatia sahihi, Raila Odinga akatia sahihi, Kofi Annan aliyewapatanisha akiwa papo hapo na Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania akishuhudia. Kisha wakapeana mikono. Watu waliokuwa dukani walipiga makofi, na wanawake wawili wakalia. Nami nilishukuru Mungu, maana makubaliano yale yaliokoa maisha, na aliyeyabeza siku ile hakuwa na mtu wa kumlilia kambini.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani kwa miguu ndipo nilipofikiria lile benchi la besi. Wakubwa wamepatana. Na sisi wawili je? Nani atatuletea Kofi Annan?

Hakuletwa mtu. Mwenzangu alirudi Nakuru katikati ya mwaka huo akajiunga na kanisa lingine. Tukikutana sokoni, kila mmoja alikuwa na haraka. Wakati huohuo siasa ilisonga mbele bila kutungoja. Mwaka wa 2013 waliokuwa pande mbili za uchaguzi wa 2007 waliungana wakashinda serikali pamoja. Machi 9, 2018 wapinzani wakuu wa uchaguzi wa 2017 walipeana mikono palepale Harambee House. Machi 2025 Rais William Ruto na Raila, walioshindana vikali mwaka wa 2022, nao walitia sahihi mkataba wao jijini Nairobi. Sisemi ni vibaya wapatane. Mwokozi wetu aliwaita wapatanishi heri. Ninachosema ni kwamba wao huvuka mto kwa daraja, halafu sisi tuliowabeba mabegani tunabaki ng'ambo mbili tukitupiana mawe kwa niaba yao.

Sasa itazame tena picha ile ya Februari 2008. Annan alifariki Agosti 2018. Kibaki alifariki Aprili 2022. Raila alitutoka Oktoba 15, 2025, akiwa India, na sote tulishuhudia jinsi nchi ilivyotikisika. Waliotia sahihi wote wawili hawapo, na aliyewaketisha mezani hayupo. Mema waliyoyafanya yanabaki na historia itayapima. Lakini ule moyo niliompa mmoja wao, ule ambao haukunituma kumfungulia ndugu yangu mlango, nitaenda kuudai kwa nani?

Oktoba ile niliona wanaume wazima wakiulizana barabarani, sasa tutafanya nini? Sikuwacheka, kwa sababu Biblia inayo habari ya taifa lililojikuta hapo hapo. Mfalme Uzia alitawala Yuda kwa miaka 52. Kulikuwa na wazee ambao hawakuwahi kumjua mfalme mwingine. Alijenga minara, akachimba visima, akapanga jeshi, ingawa mwisho wake aliharibiwa na kiburi akafa na ukoma. Isaya anaufungua ushuhuda wa wito wake kwa kutaja mwaka aliokufa mfalme huyo. Kiti cha Yerusalemu kimepata pengo, mataifa jirani yananoa mikuki, na kijana huyo anaingia hekaluni na kuona kiti kingine cha enzi ambacho aliyekikalia hajafiwa na mtu wala hajashindwa uchaguzi. Tazama pia kilichofuata. Isaya hakurudi nyumbani kulala akisema Mungu yupo. Aliona kwanza uchafu wa midomo yake mwenyewe, kisha ya watu wake, na akatumwa kazini.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu neno "mtumaini Mungu" limegeuzwa mto wa kulalia. Kuna ndugu na dada katika ushirika wetu ambao hawajawahi kujiandikisha kupiga kura na husema ni kwa sababu tumaini lao liko mbinguni. Kuna wengine ambao kiongozi akiiba hunyamaza, wakitaja kwamba kila mamlaka imewekwa na Mungu. Halafu kuna manabii wetu wa kila uchaguzi, mmoja ameoteshwa kwamba fulani atashinda, mwingine ameonyeshwa kwa maono yaleyale kwamba ni fulani mwingine. Roho Mtakatifu hawezi kuwa amewaambia wote wawili, na baada ya matokeo sijasikia hata mmoja akiomba radhi kwenye mimbari.

Zaburi yenyewe haituruhusu kulala. Baada ya kutuonya kuhusu wakuu, inataja kazi za Mungu: kuwapa haki wanaoonewa, kuwalisha wenye njaa, kuwafungua wafungwa, kuwainua walioinamishwa na mizigo, kumlinda mgeni, kuwashika mkono yatima na mjane. Anayemtumaini Mungu wa namna hiyo atapenda anayoyapenda. Na ninaona kwamba orodha hiyo ni kipimo kizuri cha kumpima mgombea kuliko kabila lake. Mwulize mjane wa eneo lake. Mwulize aliyewekwa rumande bila kosa.

Waisraeli walipomwendea Samueli kuomba mfalme, walitaka mtu wa kuwatangulia na kuwapigania vita vyao. Ndilo ombi la yule mama, ndilo langu la mwaka wa 2007. Samueli akawaeleza gharama: atachukua wana wenu kwa magari yake, atachukua binti zenu kwa jikoni yake, atachukua mashamba yaliyo mazuri, na moja ya kumi ya nafaka na mifugo. Msomaji anayelipa VAT ya asilimia 16 na kukatwa makato ya nyumba na ya afya juu yake anaweza kutabasamu hapo kwenye moja ya kumi. Lakini neno lililo zito katika hotuba ile ni "atachukua". Mungu aliwapa mfalme, na baadhi ya wafalme hao aliwatumia kwa mema. Hakuwaahidi kwamba mfalme angepigana vita vyao badala yao.

Juni 2024 vijana wetu waliingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha. Juni 25 waliingia hadi Bungeni, na wengine wao hawakurudi nyumbani. Siku iliyofuata Rais alikataa kuutia sahihi mswada huo. Katika wiki zile vijana waligeuza pia macho kwetu, wakanisani, wakauliza kwa nini mwanasiasa anakaribishwa madhabahuni kila Jumapili na bahasha yake. Iliniuma kusikia hivyo kutoka kwa watoto niliowafundisha katekisimu. Iliniuma kwa sababu walikuwa wanasema kweli. Mabati ya kanisa letu la zamani yalitoka kwa mbunge. Tulimpa maikrofoni dakika arobaini, mchungaji akahubiri dakika kumi na mbili. Nililitazama saa yangu mwenyewe.

Novemba mwaka uohuo Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliagiza Sh2.6 milioni ambazo Rais alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto, Kayole, zirudishwe. Kabla yake, mwaka wa 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana alikuwa amewazuia wanasiasa kuhutubu mimbarini. Hatua hizo zilizungumzwa sana kama habari za siasa. Mimi niliziona kama habari za imani. Kanisa likikubali kujengewa na mkono fulani, siku mkono huo ukimpiga maskini litapata kikohozi. Anayemtegemea mtu kwa paa hawezi kumkemea mtu huyo chini ya paa hilo.

Vijana wetu hawakuwaona kina David Gitari na Alexander Muge. Sisi tuliwaona. Wakati wa kura ya mlolongo mwaka wa 1988, wapiga kura wakipangwa nyuma ya wagombea na foleni fupi ikitangazwa kuwa ndefu, wengi tulikaa kimya. Gitari alisimama mimbarini akafungua kitabu cha Danieli, akahubiri kilichoandikwa humo, na kila mtu serikalini akajiona. Mwaka wa 1989 nyumba yake ilivamiwa usiku, akanusurika. Muge, askofu wa Eldoret, alitishwa na waziri mmoja kwamba akikanyaga Busia hatatoka hai. Alikwenda, akahubiri, na akafa katika ajali ya barabarani akirudi, Agosti 14, 1990. Watu hao hawakuwa na chama. Hawakuwa na mtu wao wa kumpeleka Ikulu. Nadhani ndiyo maana waliweza kumwambia kila mtu ukweli. Mwenye mtu wake, kama nilivyokuwa mimi, huona dhambi za upande mmoja tu, na huziona waziwazi kweli.

Nilipatana na mwenzangu wa besi mwaka wa 2016. Mama yake alifariki, nikasikia tangazo redioni, na usiku huo sikulala. Mke wangu ndiye aliyesema, "Kama huendi, mimi nitaenda peke yangu." Tulikwenda. Nilikaa nyuma ya hema kama mgeni. Wimbo ulipoanza makaburini, besi haikuwepo. Yeye alikuwa akilia na hakuna mwingine aliyeijua sauti ile. Nikaiimba kutoka kule nyuma. Aligeuka, akanitazama, akageuka tena mbele. Baada ya watu kula alinijia na vikombe viwili vya chai.

"Umechelewa, ndugu yangu," akasema.

"Nimechelewa," nikasema. Kisha nikamweleza habari za dirisha na pazia, maana alikuwa hajui. Alinyamaza muda mrefu. Akaniambia alikuwa anajua. Aliliona pazia likitikisika.

Hatujarudi kwenye kwaya moja, yeye yuko kwake na mimi kwangu. Lakini hupigiana simu. Mwezi jana kwenye kundi la WhatsApp la wanaume wa kanisa letu kuliingia video ya kuwatukana watu wa kabila lake kwa jina la mgombea fulani, na bado kuna zaidi ya miezi kabla ya Agosti 2027. Kidole changu kilikuwa kimefika kwenye kitufe cha kuruka tu, kama tunavyofanya sote. Nikamkumbuka. Nikaandika kwenye kundi kwamba sitaki kuiona tena, na aliyeituma akajitoa kwenye kundi kwa hasira. Ni mzee wa kanisa. Jumanne jioni nitakwenda kwake, na sijapata namna nzuri ya kuanza mazungumzo hayo.

Yule mama wa mboga nilimjibu hivi: jiandikishe, piga kura, mpime mgombea kwa wajane na mayatima, na usiku wa matokeo ulale ukijua kwamba aliyekupa pumzi hakuwa kwenye karatasi ile. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu.

"Mwalimu, swali langu hukulijibu," akasema huku akicheka.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Mwaka wa 2008 alipokimbia na watoto, cherehani yake na magunia mawili ya viazi vilibaki. Jirani yake wa mlango wa pili, wa upande ule mwingine, aliviingiza nyumbani kwake usiku akavifunika kwa blanketi, na vijana walipokuja kuuliza vitu vya nani akasema ni vyake. Aliporudi baada ya miezi minne alikuta cherehani imetiwa mafuta. Viazi vilikuwa vimeuzwa, na pesa zake zimefungwa kwenye kitambaa.

Siku hizi jirani huyo ana kisukari na mguu umevimba, hawezi kwenda sokoni. Mama alichagua fungu la managu kutoka kibandani, akalitia mfukoni pamoja na nyanya tatu, akaniomba nimwangalizie kibanda dakika kumi ampelekee.